Nimefelishwa kwa kuomba kutwishwa tenga

Leo nimefelishwa Kiingereza na sijutii hata kidogo.

Ni darasa letu la waongoza watalii, hapa Morogoro mjini. Neno la leo lilikuwa "carry", yaani kubeba. Kila mtu apite mbele abebe kitu. Atakayefaulu, Jumamosi anapanda Uluguru na wageni.

Mimi nilikuwa nimetoka kupokea tenga la karoti za mama kutoka Mgeta. Nikalivuta mbele, nikaweka kata ya kanga kichwani, nikasema, "Jamani, naomba mnitwishe."

Darasa zima kicheko!

Mwalimu akasema, "Ubebe peke yako. Likikushinda, chukua kalamu."

Kalamu? Mimi?

"Mwalimu, kwetu tenga likijaa hujitwiki peke yako. Ukimkuta mtu njiani kaweka mzigo chini, unamtwisha ndipo unaendelea na safari. Hata kama humjui."

Nikasimama pale pale, mikono kiunoni. (Jasho lilinitoka, sidanganyi.)

Halafu Mama Rehema, mtu mzima kuliko sote darasani, akainuka akikaza mtandio. "Bismillahi. Shika huku, mwanangu."

Likakaa kichwani. Nikalizunguka darasa bila hata kulishika tenga.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Umekosa. Umesaidiwa."

Sasa nyie niambieni, hapo nimekosa nini?

Maana mimi nilimjibu hapo hapo: "Andika nimekosa, mwalimu. Ila naomba unipishe mlangoni, napita na mzigo."