Usimfumulie Mtoto Kazi Yote

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Mutua, kwa sababu mpaka leo inanichoma. Nilikuwa msichana mdogo hapa Nuu, nasuka kikapu, kiondo changu cha kwanza. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa amenianzia kitako, maana kitako ndicho kigumu, na kwetu mtoto haachiwi kitako. Mimi nilipanda na ubavu tu, na nilikuwa nimefika mbali. Shangazi akapita, akaona nimekosea rangi mstari mmoja. Akakichukua, akafumua chote. "Anza tena," akasema.

Susu aliwaka! "Kosa liko hapo juu, wewe umebomoa mpaka chini kwa nini? Unamfundisha kusuka ama unamfundisha kuogopa?"

Sasa wewe. Umesoma, umetengeneza programu ya kufundisha watoto kuandika kodi, zile amri za kompyuta, ukaileta shuleni kwetu, tukakupigia makofi. Mwende wa darasa la sita akakaa asubuhi yote akiandika amri za kumpeleka punda mtoni na kumrudisha nyumbani na maji. Punda wa kwenye skrini akaenda! Mtoto akacheka mpaka akasimama. Kisha akakosea neno moja. Skrini ikawa nyekundu, Kiingereza kingi ambacho hata mimi mwalimu mstaafu sikukielewa, na kazi yote ikafutika. Akakuangalia. Nawe, bila aibu, ukamwambia, "Utazoea tu." Azoee nini? Kunyang'anywa?

Jana nilimkuta akichota maji, nikamwuliza mbona haji tena. Akasema, "Mwalimu, mimi sina kichwa ya kompyuta." Ai! Nilikasirika. Hakuzaliwa na maneno hayo, ameyapata kwako.

Basi nisikize, na usinieleze habari ya muda wala bajeti. Mtoto anayejifunza, mwanzie wewe. Mpe kitu ambacho tayari kinatembea, aongeze chake. Akikosea, mwonyeshe mahali alipokosea, kwa maneno anayotumia nyumbani, na kazi yake nyingine usiiguse. Kaa nyuma yake umtazame ukiwa umefunga mdomo. Akikwama, jua aliyekosea ni wewe. Ukishairekebisha programu yako, usinipigie simu mimi. Nenda kwa kina Mwende, umwombe msamaha mbele ya mamake.

Ukirudi kutoka huko, mwanangu, ndipo Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na Mwende awe wa kwanza kukukosoa.