Usiitike Ndani ya Wingu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, ilikuwa kutoka nje, kutazama upande wa Mlima Kirinyaga na kurudi kumwambia Cucu kama mlima umefunuka. Cucu ni nyanya yangu, mama ya baba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu hata uso wangu aliujua kwa kuupapasa, lakini hakugusa chai kabla ya kuuliza.

"Umefunuka?"

"Bado, Cucu."

"Basi umemkasirikia mtu. Tutulie."

Agosti ile ilikuwa ya baridi, kama kawaida ya kijijini kwetu Wamagana. Mawingu yalilala juu ya majani chai na manyunyu hayakwisha. Mlima ukajificha siku kumi na mbili. Baba naye alikuwa amepata nafasi ya Cucu kufanyiwa upasuaji wa macho Jumatatu, baada ya kungoja karibu mwaka mzima. Jumamosi asubuhi Cucu akasema haendi. Mtu haendi kukatwa kisu mlima ukiwa umefunika uso.

"Maitu, nafasi hii ikipita, macho yatakufa kabisa," Baba akamwambia.

"Yakufe. Kwani nimebakisha kuona nini?"

Baba akatoka akaipiga teke ndoo ya maziwa. Kwa bahati ilikuwa tupu.

Maitu ni "mama yangu" kwa Kikuyu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo mimi na Cucu sote ni Wangechi, na Baba alituita sote Maitu. Akiita kutoka zizini tulikuwa tukiitika wawili, na Cucu akicheka: "Unataka yule mwenye meno au huyu?"

Mimi niliwaza hivi: mawingu yamelala chini, basi juu yake kuna jua. Nikipanda kilima cha nyuma ya shamba mpaka kileleni, nitauona mlima na kuleta habari. Sikumwambia mtu. Niliweka kipande cha nduma ya kuchemsha mfukoni, nikavaa gambuti, nikaenda.

Mwanzoni, nikigeuka, niliona mabati ya nyumba yetu. Baada ya mikaratusi sikuona tena kitu. Nilipofika mahali ambapo hakukuwa na kupanda zaidi, jua halikuwapo. Nilirukaruka, kana kwamba wingu lilikuwa limenizidi kimo kidogo tu. Kisha nikageuka kurudi, na njia haikuwapo. Nilishuka ovyo kati ya vichaka mpaka miguu ikachoka.

Hapo ndipo niliposikia: "Wangechiii!"

Cucu alikuwa amenionya mara nyingi nikienda kuni. "Ukiwa ndani ya wingu ukisikia jina lako, usiitike. Wingu hujifunza majina. Litakuita kwa sauti ya mtu wako, uende, uende, mpaka ukose pa kukanyaga."

Sauti ilikuwa ya Baba kabisa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ilitoka kushoto, halafu nyuma, halafu kila mahali. Niliketi chini nikajaza nduma mdomoni nisije nikaitika kwa bahati mbaya. Sauti ikapita, ikafifia. Nikalia bila kutoa mlio. Mpaka leo nikikumbuka vile alivyoita na mimi nimenyamaza karibu yake, moyo huniuma.

Iliporudi ilikuwa imekauka, na haikuita Wangechi tena.

"Maitu! Kama unanisikia, kaa hapo hapo! Usisonge!"

Jina langu wingu lingeweza kujifunza popote, shuleni au kanisani. Lakini kwa jina la Maitu niliitwa na mtu mmoja tu duniani. Nikatema nduma. "Baba! Niko hapa!"

Alinifikia kwa kupapasa, kama Cucu. Hakunichapa. Aliokota jiwe akalitupa mbele yangu, na tukangoja kidogo kabla ya kulisikia likigonga chini. Yalikuwa machimbo ya zamani ya mawe.

"Ungekimbilia sauti yangu..." Akanishika mkono. "Na mbona hukuitika?"

"Cucu alisema nisiitike."

"Hawa Wangechi wawili wataniua mimi."

Tukishuka, nilitengeneza uongo wangu. Cucu alikuwa ameketi karibu na moto, ameshika kikombe cha chai iliyopoa.

"Ati ulienda wapi?"

"Kuangalia mlima, Cucu. Umefunuka. Niliona theluji yote."

Alinivuta kwake akakamua mkono wa sweta yangu, maji yakamwagika majivuni.

"Kumbe theluji ni nyingi hivi," akasema. "Imekufuata mpaka nyumbani." Akainua kikombe chake. "Mwambie baba yako anitafutie kile kitambaa changu kizuri cha kichwa, nikivae Jumatatu."

Alienda. Bandeji ilipotolewa aliniangalia muda mrefu, akalalamika kwamba hakuna aliyemwambia nina pengo. Mlima wenyewe ulifunuka wiki nyingine nzima baadaye.

Shule niliacha kidato cha pili, na sasa nachuma majani chai chini ya kilima kile kile. Wingu likishuka, mimi husimama nilipo mpaka lipite. Sijui kama linajifunza majina. Najua tu kwamba aliyenionya alikuwa haoni, na bado alijua mahali pa kunisimamisha.

Mwaka jana nilimwambia ukweli kuhusu theluji. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe, kwani nilikuwa kipofu wa mikono? Lakini mtoto amepanda mpaka huko juu kuniangalia mlima, mimi nitakataa nikisema nini?"

Siku hizi anauona mwenyewe kutoka mlangoni. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, bado ananiuliza kama umefunuka, na mimi bado natoka nje kutazama.