Fungu la Mbula

Mbuvi alikuwa mkata nyama huko Kamakis, katika banda la nyama choma la Kinyanjui, tangu zamani hapo palipokuwa na vumbi na mabanda matatu tu. Alikata vizuri, lakini kazi yenyewe aliidharau. Wateja walimnyooshea kidole mbuzi aliyening'inia wakataja kilo, kana kwamba mnyama hana viungo, ana uzito tu.

Kwa baba yake, mashariki ya Thika, mbuzi alikuwa na wenyewe. Mbavu zilikuwa za wazee, kichwa cha wavulana, na figo, zote mbili, za Mbula, binti wa pekee pale nyumbani. Aliyeshika kisu ndiye aliyempelekea kila mtu fungu lake. Hakuna aliyeomba. Siku Mbuvi alipoomba kipande cha ini, alilala na ugali mkavu. Baba alipokufa, kisu kilibaki kwa Mbuvi, mwana mkubwa. Kisha ndugu wakatawanyika, kila mmoja na chumba chake cha kupanga na mtungi wake wa gesi, na kisu kikawa cha kibarua tu.

Mbula aliuza mitumba Kiganjo mpaka figo zake zilipoacha kufanya kazi. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali, damu ikasafishwa kwa mashine, akarudi hoi. Mchana mmoja binti yake, Dianah, alifika Kamakis, mjamzito, akihema.

"Anko, daktari amesema mama atafutiwe figo ya ndugu. Mimi na hii hali wamenikataa."

"Niliona kwa simu," Mbuvi alisema bila kuacha kukata. "Kundi zima la WhatsApp la familia lilijua kabla yangu."

"Tulikuwa na haraka, anko."

"Amekutuma?"

"Hata hajui nimekuja."

"Basi aje mwenyewe. Mimi ndiye mkubwa wake."

Mbula hakuja. Mvua ya masika ilianza, ikaisha. Mbuvi alijiambia kwamba anadai heshima, na ilikuwa kweli. Lakini pia alikuwa mtu ambaye hajawahi kupasuliwa, na aliogopa. Dianah alipopiga simu kusema mama amevimba uso na mishipa inakataa sindano, alijibu, "Bado sijamsikia mwenyewe akisema kitu."

Jumapili moja kijana mwenye miwani myeusi alisimama mbele ya meza yake.

"Niaje mzee. Kilo mbili, na uniwekee figo."

Mbuvi alizichomoa kwenye mafuta, akazishika kiganjani. Ndipo alipoona alichokuwa akifanya. Kisu kilikuwa mkononi mwake, naye anangoja Mbula aombe. Anamtaka afanye lile lile lililomlaza yeye na ugali mkavu nyumbani kwao.

"Mzee, ni vipi?"

"Hizi zina mwenyewe."

"Mbuvi, uza nyama," Kinyanjui alisema kutoka nyuma.

Mbuvi alivua aproni, akaondoka.

Alimkuta Mbula mlangoni akichagua mchele, miguu imevimba.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuombe? Nilale na ugali mkavu kama wewe?"

"Ningekupa."

"Ungekuwa wa kunipa, ungeleta."

Mbuvi alikaa kizingitini.

"Kesho naenda kupimwa."

"Na huo umri? Wakikufungua watakuta moshi wa Kamakis mtupu."

"Watakachokuta ni chako."

Madaktari walimpima wiki nyingi, wakamkubali. Figo yake ilifanya kazi ndani ya Mbula, na yeye akabaki na kovu ubavuni ambalo hakumwonyesha mtu.

Alipopata nguvu alikwenda Kiganjo. Mbula, uso umerudi wa zamani, alimtilia chai, akauliza kama Kinyanjui bado anapunja watu mizani. Dianah, mtoto mgongoni, alingoja mpaka akachoka.

"Mama, hata asante hujamwambia anko?"

Mbula alimtazama binti yake kama mtu anayesikia lugha ngeni. "Asante ya nini? Kwani babu yako aliponiletea figo, nilimwambia lini?"

"Hawa ndio tuliowazaa," Mbuvi alimwambia dada yake, akasogeza kikombe aongezewe.