Mume Wangu Hakunipiga

Wasomaji, mume wangu hajawahi kuniinulia mkono. Lakini watu walipomwita mpiga wanawake, mimi nilinyamaza. Kosa ni langu, si la mtu mwingine.

Ilikuwa miaka ya themanini, huko Mbooni. Nilipata uvimbe shingoni, na hospitali kubwa ya Nairobi ikasema ni saratani ya tezi. Siku hizo ukitaja saratani, watu wanaacha kunywa chai kwako. Nikamwomba mume wangu, Baba Mwende, asimwambie mtu yeyote, hata mama yake. Akaniapia. Tulipoenda kutundikiwa dawa, tulisema tunamtembelea dada yangu.

Ile dawa iliniwasha mwili mzima. Kila nilipojikuna, mgongoni palibaki mistari mirefu, myeusi, imepishana kama mtu aliyechapwa kiboko. Daktari alisema ni dawa tu, itafifia. Baba Mwende ndiye aliyenipaka mafuta, polepole, akiniuliza kama inauma.

Siku moja nilikuwa naoga nyumbani kwa mama. Wifi yangu, mke wa kaka, akaniletea maji, akaona mgongo.

"Mama Mwende, nani amekufanyia hivi? Ni yeye?"

Ningesema ni dawa. Badala yake nilitazama chini nikalia, naye akachukua machozi kuwa jibu.

Habari ikafika kwa kaka zangu, ikafika kanisani. Baba Mwende alikuwa kiongozi wa kwaya. Wazee wa kanisa wakatuita.

"Umempiga mke wako?"

"Sijampiga."

"Basi hiyo mistari ni ya nini?"

Akanigeukia. Alikuwa ananiomba ruhusa, nilijua kabisa. Neno moja tu lingemwokoa. Mimi nikakaza kitambaa kichwani, maana nywele zilikuwa zimeisha, nikatazama ukuta.

Na yeye akanyamaza. Aliilinda siri yangu mbele ya watu waliokuwa wanamvua heshima. Walimtoa kwenye kwaya. Nje ya kanisa kaka yangu mkubwa alimzaba kofi, binti yetu Mwende akiona.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Kiapo changu nimekishika. Wewe umeniuza."

Akahamia Kambu, akafungua kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara. Kila nilipohitaji kwenda hospitali, nauli ilifika, lakini yeye hakuja.

Nilipona. Mistari ikafifia. Ndipo nikasimama kanisani nikaeleza kila kitu. Akina mama wakanitazama kwa huruma, na mmoja akanishika mkono.

"Tunajua, dada. Sote huwa tunawafichia waume zetu."

Hakuna aliyeniamini. Mgongo wenyewe haukuwa tena na kitu cha kuonyesha.

Nikamfuata Kambu. Aliniagizia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimefurahi umepona," akasema. "Lakini nyumbani sirudi. Mimi nilikungoja useme siku ile."

Mwende ni mtu mzima sasa. Akienda kumwona baba yake, haniagi.

Wewe unayeficha ugonjwa, ufiche ukitaka, ni wako. Lakini ukiona mtu mwingine ameanza kuubeba kama kosa lake, fungua mdomo saa hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Mimi nilisubiri nipone kwanza.