Laini Yangu na Kikaushio cha Nazi

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuunganisha kisanduku kinachosoma joto la kikaushio cha nazi na mfumo wa mtandaoni, ili wanunuzi wakae kwao ng'ambo watazame nazi zetu zikikauka kuwa mbata pale Waa. Nilifunga vihisi, nikaingiza nywila, nikasubiri taa ya kijani. Ikawaka nyekundu. Laini ya kisanduku ilikuwa haijasajiliwa. Kwa kujaribu tu, nikawasha intaneti ya simu yangu na kuitundika juu kwenye boriti, mahali pekee ndani ya banda lile la mabati panaponasa mtandao. Kijani.

Meneja, mtu wa bara, alipiga makofi. "Fundi, hiyo iko sawa kabisa! Wacha hivyo hivyo, usiguse kitu."

Basi mtandao nikawa mimi. Kisanduku kikipotea hewani, kikaushio hujizima, na mbata zikipoa na unyevu wake huota ukungu. Nikitoka na simu, kinazima. Mtu akinipigia, intaneti inakatika, kinazima. Nikawakataza watu wa nyumbani wasinipigie nikiwa kazini. Nilimwomba meneja tutumie simu yake, akasema yake ina mambo ya ofisi. Laini mpya ingekuja kesho, na kesho yake ikawa kesho tena. Nilimchukia, nikaichukia na ile taa.

Wiki hiyo mama alikuwa amelazwa Msambweni, akingoja kupasuliwa tumbo. Aliogopa sana, nami nilimwahidi kuwa nitakuwa naye kabla hajaingizwa. Ahadi ni deni. Upasuaji ulipangwa alasiri, na mbata zilizokuwa ndani zingekauka adhuhuri. Nikapiga hesabu, nikaona nitawahi. Asubuhi nzima nilizunguka kikaushio kile kama ng'ombe wa kinu, jicho langu liko kwenye taa.

Mbata zilipokauka nilipanda ngazi, nikaishusha simu. Palikuwa na ujumbe wa mdogo wangu, umekaa tangu asubuhi: wamebadilisha saa, mama wanamwingiza sasa.

Nilipofika hospitali mdogo wangu alikuwa peke yake kwenye benchi. Sikumsalimu hata.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nilitaka kukupigia, mama akanikataza. Aliniambia, 'Mwache, mashine yake itazima.' Ule ujumbe niliutuma kwa kujificha."

Nikamuuliza kama mama alikuwa na hofu. Akaniambia alikuwa nayo, na kila mlango ulipofunguliwa aligeuza shingo kutazama nani anaingia.

Jioni walimrudisha wodini. Macho yalikuwa mazito, midomo imekauka. Nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mashine haikuzima?"

"Haikuzima, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho ameridhika, nami nikalia mbele ya wodi nzima.