Mama Aliyeona Picha Nisizoziona

Sijawahi kulewa maishani mwangu, na siku hiyo sikuwa na homa. Naanza na hayo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza moja kati ya hayo mawili. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mjini Kisii, mchana, nikiwa kazini.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa mpiga chapa katika duka la vitabu na kalamu la Bwana Pravin. Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyounganishwa na simu. Usidhani ni mtandao kama huu unaoujua wewe. Skrini ilikuwa nyeusi, herufi nyeupe, hakuna kipanya. Unaandika amri, unaandika anwani, unangoja. Ukurasa unakuja maneno matupu. Unashuka kwa vishale mpaka kwenye neno linalong'aa, unabonyeza, nalo linakupeleka ukurasa mwingine. Picha hazikuja kamwe. Laini ya simu isingeziweza. Mahali pa picha palitokea neno moja tu ndani ya mabano, la kukuambia kwamba hapa kuna picha. Ilitosha. Mimi niliizoea hivyo hivyo.

Siku hiyo mvua ya alasiri ilikuja na mawe, ikapiga mabati mpaka sikusikia hata vidole vyangu vikichapa. Nilipogeuka nikamwona mama mzee ameketi kwenye kiti cha wateja kando yangu. Kitambaa cha kijani kichwani, raba nyeupe miguuni. Nikamsalimu kwa neno letu la heshima kwa mama mzee, "Omong'ina, umefikaje kwenye mvua hii?" Tuliongea Ekegusii, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Wanasema chombo chako kinafika ng'ambo," akasema. "Nitafutie mwanangu Momanyi."

Akanieleza. Momanyi alikwenda kusoma ng'ambo kwa mchango wa kanisa na majirani. Akaandika barua mwaka mmoja, kisha akanyamaza. Mama alilikumbuka jina la chuo, akalitamka vibaya, tukalirekebisha pamoja. Nikalitafuta. Kweli, chuo kikatokea.

"Shuka," akasema. Nikashuka. "Shuka tena. Hapo. Fungua hapo."

Niliona ajabu, maana kurasa zile zilikuwa za Kiingereza na yeye alishaniambia hajui kusoma. Lakini nikafungua. Ulikuwa ukurasa wa bwalo la chakula. Juu palikuwa na lile neno la mabano, chini yake maelezo kwamba hawa ni wafanyakazi wa jikoni. Hakuna jina hata moja.

Mama akainama mbele. "Ndiye huyo."

"Nani, omong'ina? Hapa hakuna mtu."

"Huyo wa mwisho, karibu na dirisha. Amenenepa. Ana skafu nyekundu. Mkono wa kushoto ameuficha nyuma." Akasogea karibu zaidi na skrini. "Vidole viwili havipo. Mashine ya mkate. Ndiyo maana haandiki, anaona haya. Tulimtuma akasome, sasa anaosha sufuria."

Niamini, nilitazama skrini ile mpaka macho yakauma. Neno moja ndani ya mabano, basi. Nikateremsha macho nikaziona raba zake. Zilikuwa kavu. Sakafu chini yake ilikuwa kavu pia, na nje maji yalikuwa yanapita kama mto.

"Chapa karatasi," akasema. "Uniletee Magwagwa. Ukifika sokoni uliza nyumba ya mama Momanyi."

Nikageukia printa. Karatasi ilipomaliza kutoka, kiti kilikuwa kitupu. Nikakimbia mbele ya duka.

"Bwana Pravin, yule mama amekwenda wapi?"

"Mama gani? Mimi niko hapa mlangoni tangu saa nane, hakuna mtu amepita." Akaniangalia vizuri. "Lakini nilikusikia ukiongea peke yako huko nyuma. Unaumwa?"

Wewe ungefanya nini? Ungeichana karatasi, sivyo? Nami nilitaka kuichana. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikaamua: nitakwenda Magwagwa. Kama ni marehemu, nitaiweka karatasi kaburini. Kama ni wazimu wangu, nitaujua mapema.

Jumamosi nikaenda. Sokoni walinionyesha nyumba juu ya shamba la majani chai. Alinipokea mkaza mwana wa yule mama, jina lake Kemunto. Nikamwuliza kama mama Momanyi yu hai.

"Yuko," akasema. "Lakini hatoki. Miguu ilikataa tangu mwaka juzi. Na macho, huu ni mwaka wa nne haoni hata jua."

Nikataka kurudi barabarani. Ndipo sauti ikatoka ndani, ileile:

"Kemunto, mkaribishe huyo msichana wa mashine. Ameleta karatasi yangu."

Niliingia. Alikuwa amelala kitandani, macho meupe, kitambaa cha kijani kichwani. Akaipapasa karatasi, akaweka kidole mahali penye lile neno la mabano, akatabasamu.

Nje, Kemunto alinieleza mambo yalipofikia. Shemeji za mama walikuwa wamesema Momanyi alishakufa, na sehemu yake ya shamba wangeigawana mwezi uliofuata. "Mama amekataa," akasema, "lakini nani anamsikiliza kipofu?"

Mimi nilimsikiliza. Kuanzia Jumatatu nilifungua duka alfajiri, kabla laini haijawa na watu wengi. Nilirudi kwenye ukurasa ule, nikachukua anwani ya barua pepe iliyokuwa chini kabisa, nikaandika. Wiki nzima, kimya. Nikaandika tena. Kimya. Nikaandika ya tatu, na kila mvua iliponyesha nilijua bila kugeuka kwamba kile kiti kando yangu kina mtu. Sikumsemesha. Niliandika tu. Barua ya nne niliiandika kwa Kiswahili, nikatanguliza mstari wa Kiingereza kuomba apewe yule wa skafu nyekundu. Nikamwambia mama yake anajua kuhusu vidole, na hana hasira.

Siku mbili baadaye jibu likaja, mstari mmoja: nani amekwambia habari za mkono wangu, sijamwambia mtu yeyote huko.

Nikamjibu, "Njoo umwulize mwenyewe."

Alikuja. Shamba lilikuwa bado halijagawanywa. Kemunto alinisimulia jinsi mama alivyoutafuta mkono wa kushoto kwanza, akauweka shavuni, akahesabu vidole vitatu, kisha akasema, "Sasa nimechoka kutembea." Aliishi miezi minne zaidi, na mvua ya kwanza baada ya Momanyi kufika, kile kiti kando yangu kilikuwa kiti tu.

Nilidhani yameisha. Lakini tangu hapo wamekuja wengine wawili, miaka tofauti, mashine tofauti. Mmoja nilimkubalia halafu nikaogopa nikaacha katikati. Habari zake sitazisema. Itoshe kwamba yeye bado hajaondoka.

Kwa hiyo sikiliza. Ukijiwa na mtu akakuomba kazi ya namna hii, kataa kabisa au uifanye mpaka mwisho. Usiikubali nusu. Na wewe uliye mbali, uliyeacha kuandika nyumbani kwa sababu mambo hayakwenda ulivyoahidi, andika leo. Mama yako akiamua kukutafuta, hatahitaji nauli.