Mpira Hauingii kwa Kufumba Macho

Wajukuu wangu hupenda kuniambia kwamba mtu akiamini anaweza, basi anaweza. Wameyatoa wapi hayo, sijui. Mimi niliyasikia zamani za Mwingereza, mama zao hawajazaliwa, na nikaona yalivyoshibisha ndege.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa chuo cha ualimu cha misheni, kule juu Iramba. Kwetu ni Sepuka. Mimi niliishia darasa la pili ili yeye aendelee; sikuulizwa, wala sikulia. Huko chuoni Mzungu mmoja, mwalimu wao, alisimika nguzo mbili uwanjani, akafunga pete ya chuma juu ya kila moja, akawaambia vijana watie mpira humo. Mdogo wangu alichukuliwa kwa urefu wake, kama mtu anunuavyo ng'ombe kwa kutazama pembe. Hakutia hata mmoja. Wenzake wakamwita Twiga Asiyefikia Majani.

Akarudi likizo amenywea.

"Dada," akaniambia, "tukifungua, mwalimu anachagua watu wa kwenda kucheza Singida mjini. Nikiachwa, na chuo naacha. Nitakwenda kukata mkonge."

"Kwa mikono hiyo? Mkonge utakukata wewe."

Hakucheka. Alisema Mzungu amemwambia kosa lake liko kichwani. Kila siku akae kimya, afumbe macho, auone mpira ukiingia, mpaka moyo ukubali. Mtu mzima amevuka bahari kuja kufundisha hayo!

Uwele ulikuwa unakomaa na ndege wa kwelea wameshafika. Mama akampandisha mdogo wangu kwenye ulingo mmoja wa kulindia shamba, mimi nikapanda wa pili. Kabla ya saa sita nikaona ndege wanatua upande wake kama mvua, na sauti ya mtu hakuna. Nikashuka, nikaenda. Nilimkuta amekaa, macho ameyafumba, anatabasamu.

"Umeingia?"

Akashtuka. "Nini, dada?"

"Mpira."

"Ulikuwa unaingia."

"Na ndege wameingia. Shuka uone walichokubakizia."

Mama alipofika hakupiga kelele. Alivunja suke moja lililobaki tupu, akamwekea kiganjani. "Shika, mwalimu. Hiki ndicho chakula chako cha masika."

Kwa aibu mdogo wangu akaanza kurusha mabonge ya udongo kama mwenye wazimu, bapa, kwa nguvu zote, akavunja hata masuke yaliyosalimika. Nikamshika mkono. Kwetu bonge halirushwi hivyo. Linapandishwa juu, lipite juu ya mimea, kisha lianguke katikati ya ndege. Mtoto wa kike wa miaka saba anajua. Tena ukirusha kwa nguvu za mkono tu, adhuhuri bega limekufa. Nguvu inatoka magotini.

"Dada, wewe huo mpira hujawahi hata kuuona."

"Wewe uliyeuona umekusaidia nini?"

Alirusha wiki tatu. Sikumwambia hata siku moja kwamba anaweza. Nilimwambia hawezi, maana ilikuwa kweli, na kila asubuhi alipanda ulingoni amenuna. Hapo ndipo moyo unapokuwa na kazi, sikatai: kumrudisha mtu kazini kesho yake. Kulenga si kazi ya moyo. Wiki ya tatu ndege walihamia kwa jirani, naye jirani akaacha kutusalimu.

Chuo kilipofunguliwa, baba alinituma nifuatane naye. Akiachwa nirudi naye nyumbani, asije akapotelea kwenye mkonge. Siku ya kuchagua nilisimama kando ya uwanja na wanawake wapishi. Kila kijana alirusha mara kumi. Wa kwangu alipokunja magoti, mpishi mmoja akasema, "Huyu anataka kuchuchumaa?" Mpira ukapanda juu, ukaangukia ndani ya pete. Kati ya kumi alitia minne. Minne si mingi, lakini aliyemfuata alitia miwili. Akachukuliwa, tena wa mwisho kabisa, mtu wa akiba.

Mzungu akampiga begani mbele ya wote. "Mnaona? Amebadilisha mawazo yake!"

Na mdogo wangu, mtu mrefu vile, akaitikia kwa kichwa.

Nikamngoja atoke. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini, dada? Kwamba nimefundishwa na kwelea?"

"Kwelea walikula tu. Aliyekufundisha ni mimi."

Akatazama chini. "Hataamini."

"Si ndiyo kazi yake, kuamini? Mwache aamini na hilo."

Kengele ya darasa ikalia. Akakimbia asichelewe. Nilingoja mpaka nikamwona ameingia na mlango umefungwa. Kisha nikajitwisha mzigo wangu, nikarudi Sepuka peke yangu, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka.